ELM327 na geji ya kompresheni: tathmini kabla hujalipia injini ya IST

Tunatathmini vitu viwili vya kununua na huduma moja ya kulipia: kifaa cha OBD2 (mfumo wa kompyuta ya gari wa kutoa misimbo ya hitilafu) cha aina ya ELM327, geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na upimaji wa gereji yenye mashine kubwa. Gari la mfano ni Toyota IST ya toleo la kwanza (NCP61, 2002 hadi 2007) yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,497. Injini hiyohiyo imo kwenye Spacio, Runx, Allion, Premio, Fielder na Probox nyingi za 1.5, na ukikaa kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, utaziona zote.

Hukumu tuitangulize. ELM327 inafaa kwa misi (silinda kukosa kuwaka), sailensi mbovu (mzunguko wa injini bila kukanyaga ekseleta), gari kula mafuta na taa ya injini. Haifai kuamua kama injini ifunguliwe. Kazi hiyo ni ya geji, na geji ndiyo watu hawainunui. Vyote viwili kwa pamoja ni pungufu ya bei ya koili nne za orijino, kwa hiyo mwenye gari asiseme kapima ikiwa kilichofanyika ni kusoma misimbo kwenye simu.

Kifaa cha OBD2

ELM327 ilikuwa chipu ya kampuni ya Kanada, ELM Electronics, iliyofunga shughuli mwaka 2022. Toleo lake la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, ndiyo maana karibu kila kifaa cha bei nafuu unachokiona Kariakoo ni nakala. Nakala kuwa nakala si neno. La kuangalia ni nakala gani. Zile zinazojitambulisha kama v1.5 (toleo ambalo ELM wenyewe hawakuwahi kulitoa, lakini ndivyo zilivyo) kwa kawaida huelewa itifaki zote za zamani. Vile vidogo vya bei ya chini kabisa vinavyojiita v2.1, vingi vimepunguzwa amri, na hukwama kwenye magari yasiyotumia CAN (itifaki ya magari mapya zaidi). IST za miaka ya mwanzo huwasiliana kwa waya mmoja wa K, pini namba 7, kwa hiyo ukinunua nakala mbaya utaona "imeshindwa kuunganisha" na utadhani kompyuta ya gari imekufa.

Muuzaji akuruhusu ukijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Mwenye simu ya Android achukue ya Bluetooth ya kawaida. Mwenye iPhone ahitaji ya WiFi au ya Bluetooth ya kizazi kipya cha BLE, maana ile ya kawaida haitaonekana kabisa.

Halafu kuna suala la magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Marekani ililazimisha OBD2 kuanzia magari ya 1996, lakini sheria hiyo haikuwa ya Japani. Soketi ya pini 16 chini ya usukani haina maana kwamba gari linazungumza OBD2 ya kawaida. Kwenye programu ya Torque kuna sehemu ya amri za kuanzisha mawasiliano katika mipangilio ya gari, na kwa Toyota nyingi za Japani amri hizi hufungua mlango: ATIB96, ATIIA13, ATSH8113F1, ATSPA4, ATSW00. Ziandike kwa mpangilio huohuo, zikitenganishwa kwa \n. Hazifanyi kazi kwa gari kila moja, na nyingine zitatoa data chache tu.

Ikishindikana kabisa, IST ya zamani bado inasomeka bila kifaa chochote. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini 4 na pini 13 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikipepesa kwa kasi ileile bila kukatika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mipepeso miwili, kimya kifupi, mmoja, ni 21, yaani sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni upimaji wa hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto, 52 ni sensa ya noki. Usiguse pini 16. Hiyo ni chanya ya betri moja kwa moja, na waya ukiitelezea pale kwenye pini 4, fyuzi ndiyo kitu cha bei rahisi kabisa kitakachoungua.

Kifaa kikishaunganika, andika misimbo yote kabla ya kuifuta. Kuna huduma za mtaani ambapo "kutengeneza" ni kufuta: taa inazimika, mteja analipa, baada ya siku chache inawaka tena. Ukifuta unapoteza pia picha ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea (mzunguko, joto, mzigo), na hiyo picha ndiyo inayosema kama misi ilitokea injini ikiwa baridi au gari likipanda mlima.

Misimbo inayoleta hasara kwa kusomwa vibaya ni michache. P0301 hadi P0304 ni misi kwenye silinda iliyotajwa na tarakimu ya mwisho. 1NZ-FE ina koili nne, moja juu ya kila plagi, na zote zinafanana, kwa hiyo kupima ni bure: ikiwa ni P0301, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, futa msimbo, endesha. Ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa mtindo huohuo, halafu nozeli (kinyunyizi cha mafuta). Misi ikikataa kuhama baada ya vyote vitatu, hapo ndipo geji inaingia. Hakuna sababu ya kununua koili nne kwa sababu moja imekufa, ingawa ndivyo wengi wanavyoshauriwa. Plagi zenyewe ni za soketi ya milimita 16, pengo milimita 1.1.

P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Sensa iliyotoa taarifa mara nyingi ndiyo nzima kuliko vyote. Hapa data hai ya marekebisho ya mafuta ina thamani kuliko msimbo. Marekebisho ya muda mrefu yakiwa kati ya hasi 10 na chanya 10 kwa asilimia, tulia. Yakiwa chanya 20 kwenye sailensi kisha yakashuka karibu na sifuri ukivuta resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inapenya mahali: mpira wa hewa baada ya filta uliopasuka, gasketi ya inteki, mpira mdogo wa vakyumu uliochomoka. Yakiwa mazuri kwenye sailensi na kupanda kadiri unavyobeba mzigo, tafuta pampu ya mafuta iliyochoka, filta yake iliyoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Hiyo ya mwisho husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa petroli na mswaki.

P0011 inahusu VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka. Kabla ya kumsikiliza anayesema "cheni imevutika", angalia oili: kama ni nyeusi nzito na kiwango kimeshuka chini ya alama, anza hapo. Kisha chomoa valvu ya kudhibiti oili. Upinzani wake kwenye joto la nyuzi 20 unatakiwa uwe ohm 6.9 hadi 7.9. Pia kuna chujio dogo kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye valvu hiyo, ambalo watu husahau lipo. Likiziba kwa tope la oili, valvu mpya haitasaidia.

Joto la maji nalo lina hadithi yake Dar es Salaam. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, kwa hiyo baada ya mwendo wa dakika kumi na tano kifaa kinatakiwa kuonyesha 80 hadi 95. Likibaki nyuzi sitini na kitu kwenye barabara kuu, karibu kwa hakika kuna mtu aliing'oa "kwa sababu huku kuna joto". Kompyuta hudhani injini bado baridi, inamwaga mafuta zaidi, plagi zinajaa masizi, na mwenye gari analalamika kwamba IST inakula kama Prado. Tena thamostati ya Toyota hii ina kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima wa Sekenke gari lisilo na thamostati ndilo linalochemsha.

Kasoro ya mwisho ya ELM327: usiiache imechomekwa. Hunyonya betri, na betri dhaifu itakuharibia kipimo kinachofuata.

Geji ya kompresheni

Nunua yenye mpira mrefu wa kufunga kwa nyuzi, saizi ya milimita 14. Zile za kusukuma kwa mkono zenye koni ya mpira ni rahisi zaidi, lakini plagi za 1NZ-FE ziko ndani ya visima virefu, na mkono ukitikisika kidogo tu unapata namba ya uongo. Angalia pia kama valvu ndogo iliyo mwisho wa mpira inashika: geji nzuri hubaki na namba yake mpaka uibonyeze kuiachia.

Utaratibu ni mfupi, lakini kila hatua ina sababu. Injini iwe na moto wa kawaida. Chomoa koili zote nne na soketi za nozeli, ili mafuta yasiendelee kumwagwa na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Toa plagi zote nne, si moja moja. Funga geji, mtu mwingine akanyage ekseleta hadi chini, apige stata mpaka geji iruke mara tano au sita. Andika, rudia silinda nyingine kwa idadi ileile.

Kiwango cha Toyota kwa 1NZ-FE ni kPa 1,471, sawa na psi 213 kwenye geji nyingi. Chini kabisa ni kPa 1,079, psi 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kPa 98, yaani psi 14. Hii ya tofauti ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu geji ya bei nafuu inaweza kukosea kwa psi kumi lakini itakosea vilevile kwa silinda zote.

Namba hizo ni za usawa wa bahari. Anayepima Tanga au Mtwara azitumie zilivyo. Mwinuko wa Arusha, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi na injini mpya kabisa itasoma karibu psi 180. Mbeya, mita 1,700, tarajia karibu 175, na kile kikomo cha chini kinateremka hadi kama 130. Wenzetu wa Nairobi wako juu kidogo ya Mbeya, kwa hiyo hesabu yao ni ileile. Ukimsikia fundi wa nyanda za juu akisoma 170 na kutikisa kichwa, muulize analinganisha na wapi.

Kuzisoma namba kunahitaji kutulia. Ukipata 205, 200, 208, 203, silinda zinabana vizuri, na kama kuna moshi wa bluu usiwe na haraka ya kufungua chini. Ukipata 200, 198, 120, 203, mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye silinda ya tatu, zungusha injini kidogo, pima tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umechoka, na oili ndiyo imeziba pengo. Isipopanda, ni valvu isiyokaa vizuri au gasketi. Ukipata 195, 95, 90, 200, silinda mbili za jirani zimeanguka pamoja: gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imeungua katikati yao, na hapo kazi ni ya juu tu. Zote nne zikiwa 140 kwa usawa, usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu bado. Kwanza chaji betri, hakikisha ekseleta ilikanyagwa hadi mwisho, rudia. Stata inayozungusha polepole hushusha silinda zote kwa pamoja, na huo ndio uchunguzi wa uongo unaouza injini nyingi nzima. Zikibaki 140 na betri imejaa, angalia cheni: ikivutika, valvu hufunga wakati usio wake na silinda zote hupoteza. Cheni iliyochoka hugonga sekunde chache injini ikiwashwa asubuhi.

Sasa udhaifu wa geji. Haioni ringi ya oili. Ringi mbili za juu za pistoni zinaweza kubana kwa psi 200 huku ile ya tatu, ya kufuta oili, imeganda kwa masizi, na gari likala oili kila wiki. Kwa gari linalokula oili bila kupoteza nguvu, kipimo ni kingine: jaza hadi alama ya juu ya dipstiki, endesha kilomita 1,000, pima ulichoongeza kwa chupa yenye alama. Toyota huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Ni nyingi mno kwa injini inayobeba lita 3.7 tu ukihesabu na filta, lakini ndio mpaka wao. Chini ya nusu lita, mwenye gari anayekagua dipstiki kila Jumapili ataishi nalo miaka.

Rangi na wakati wa moshi husaidia pia. Bluu asubuhi ukiwasha kisha ikapotea: sili za valvu, kumi na sita. Bluu ukiachia ekseleta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena: sili au gaidi za valvu (mirija ambamo valvu huteleza). Bluu isiyokoma unapovuta mzigo: ringi. Kabla ya hayo yote toa valvu ya PCV (ya kutoa mvuke wa ndani ya injini) iliyo kwenye kifuniko cha valvu uitikise. Isipolia, imeziba, na mvuke wa oili unasukumwa kwenda kuungua. Ni spea ya bei ndogo kabisa kwenye orodha hii, na ni nadra kutajwa kwenye makadirio ya gereji.

Huduma ya upimaji gerejini

Ziko gereji zenye Launch, Autel au Techstream ya Toyota yenyewe, na tofauti yake na simu yako ni halisi. Mashine hizo husoma gia boksi, ABS na mifuko ya hewa, na muhimu zaidi huamrisha: zinaweza kuzima nozeli moja moja, kusukuma valvu ya VVT-i na kuwasha feni ya rejeta, fundi akiangalia injini inaitikiaje. Kwa tatizo la umeme au gari linalozimika lenyewe, huduma hiyo ni ya kulipia bila kusita.

Lakini kuna bei ya upimaji inayolipwa kwa kitu ambacho ELM327 ingekifanya: misimbo inasomwa, karatasi inachapwa, kisha majina ya misimbo yanageuzwa kuwa orodha ya spea. Muulize mpokeaji kabla gari halijaingia: ada hii inahusu nini? Jibu zuri lina vitu vitatu. Misimbo pamoja na hali ya gari ilipotokea. Data hai injini ikiwa na moto. Na angalau kipimo kimoja cha mkono. Kwa gari linalochemsha, kipimo hicho kiwe cha presha ya rejeta au cha kemikali ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi kwenye maji. Kwa silinda iliyoanguka, kiwe cha kuvuja: hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, halafu mtu anasikiliza. Ikitokea kwenye throto, valvu ya kuingiza. Kwenye ekzozi, valvu ya kutoa. Kwenye mfuniko wa oili, ringi. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, gasketi au hedi iliyopasuka. Kipimo hicho huchukua muda mfupi na ndicho kinachotenganisha kazi ya hedi peke yake na kazi ya injini nzima. Gereji isiyo na kompresa na geji, hata iwe na skrini kubwa kiasi gani, inapima umeme tu.

Kama mlio ni wa chini ya injini, dai presha ya oili ipimwe kwa geji iliyofungwa mahali pa swichi ya oili. 1NZ-FE yenye moto hutakiwa kuwa na kPa 29 au zaidi kwenye sailensi, na kati ya 150 na 550 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikiwa chini ya hapo na kuna mlio wa kugonga, kon beringi (za mikono ya pistoni) zimeliwa, na kuendesha "mpaka mwisho wa mwezi" ni kuikwaruza krankshafti.

Kulipa

Ada ya upimaji itenganishwe na ya ufundi, na ilipwe hata kama gari litatengenezwa kwingine. Fundi anayepima bure atalipwa na kitu kingine, na kitu hicho ni kazi kubwa kuliko inayohitajika.

Kwa gasketi ya hedi, hesabu ni seti ya gasketi ya juu, sili za valvu, maji ya rejeta yenye dawa yake, oili na filta, pamoja na karakana ya kuranda vyuma. Kule karakana hedi ipimwe kwa rula ya chuma na filageji kabla ya kurandwa. Kikomo cha kupinda ni milimita 0.05. Wengi huranda bila kupima, na hedi iliyorandwa mara mbili huanza kuleta mengine. Bolti za hedi ziko kumi, hukazwa kwa Nm 29 kwanza, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, kuanzia katikati kwenda nje. Fundi asiye na toki renchi anayesema "mkono wangu unajua" hajui nyuzi 90 za pili. Na kama hakuna aliyetafuta kwa nini lilichemka (feni, thamostati, rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, kofia isiyobana), gasketi mpya inasubiri zamu yake.

Kufungua injini nzima ni habari nyingine, na hapa tuna msimamo. Bloku ya 1NZ-FE ni ya alumini yenye silivu nyembamba za chuma, na mwongozo wa Toyota unataka ibadilishwe ikiliwa kupita kiasi, si kutobolewa upya. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua ringi ni kipenyo cha silinda, ambacho kwa kiwanda ni milimita 75.000 hadi 75.013, kinachopimwa juu, kati na chini, kwa pande mbili. Karakana ikuandikie namba hizo kwenye karatasi. Kuvalisha ringi mpya silinda iliyogeuka yai ni kulipia miezi michache ya amani, kisha moshi uleule. Silinda zikiwa salama, ringi, kon beringi, meni beringi, sili za valvu, seti ya cheni na tensheni yake, seti kamili ya gasketi, pampu ya maji na thamostati ni kazi yenye maana. Jumlisha zote kwa bei ya orijino, ongeza ufundi na karakana, na mara nyingi utakuta umefika bei ya injini kamili ya mtumba kutoka Japani. Ukishusha bei kwa ringi na beringi za feki, umenunua kazi ya kufanywa mara mbili.

Ndiyo maana kwa 1NZ-FE iliyochoka silinda tunapendelea injini ya mtumba, kwa masharti. Ichukuliwe mahali ambapo wataifunga stata na betri ili geji yako ipite kwenye silinda zote nne palepale dukani; maduka ya Ilala yaliyozoea wateja wa namna hii hayashangai. Fungua mfuniko wa oili uangalie tope. Chomoa kizibo cha sampu, pitisha oili kwenye kitambaa cheupe. Vumbi linalong'aa maana yake beringi. Linganisha throto, ya kebo au ya umeme, na soketi za waya, kwa sababu injini ya Fielder ya miaka ya baadaye haiingii kwenye waya za IST bila fundi umeme kulipwa. Usichukue 1NZ-FXE ya Prius hata ukiambiwa "ni ileile": uwiano wake wa mgandamizo ni mwingine na haina pa kufunga stata. Udhamini uandikwe kwenye risiti kwa siku na kwa maneno: injini itabadilishwa, au pesa itarudi. "Ikigoma uje" si udhamini.

Spea nunua mwenyewe au nenda na fundi Gerezani, na mjue wote wawili kwamba duka humwekea fundi cha juu. Si siri. Njia ya heshima ni kumlipa ufundi wa kutosha ili asitafute riziki yake kwenye ringi zako. Malipo ya ufundi yagawanywe: sehemu injini ikishuka, sehemu ikiwaka, sehemu ya mwisho baada ya kilomita 500, oili ikiwa imemwagwa na kubadilishwa na hakuna kinachovuja. Spea za zamani zote zirudi kwako kwenye ndoo, hata kama ni za kutupa. Risiti ya EFD idaiwe dukani na gerejini. Asilimia 18 ya VAT watu huikwepa kwa kukubaliana bila risiti, halafu injini ikifa baada ya wiki tatu hakuna karatasi ya kumshika mtu.

Injini ikibadilishwa, namba iliyogongwa kwenye bloku haitalingana tena na kadi ya gari. Piga picha namba mpya kabla injini haijaingia, kwa sababu ikishakaa ndani haisomeki vizuri, kisha ipeleke TRA pamoja na risiti ya duka ibadilishwe kwenye kadi. Ukingoja siku ya kuuza gari, mnunuzi ndiye atakayeigundua, na atakata bei anavyotaka.